Kiingereza cha Jana

Jumatano, 9 Julai 2025

Shule tumefungua jana, leo tayari kuna jambo. Mkuu wetu, Mwalimu Ildefonsi, alituita ofisini saa ya chai. Chai yenyewe hatukuiona. Anasema kuanzia Januari darasa la kwanza hapa litakuwa la mkondo wa Kiingereza. Kila kitu – hesabu, kusoma, hata kumwambia mtoto apenge kamasi. Mwalimu anayetaka kubaki na darasa hilo aende Kasulu katikati ya Agosti kwenye usaili wa kuongea. Unakaa mbele ya watu watatu, unasimulia jambo lililokwisha kutokea, kwa Kiingereza. Basi.

Nikauliza, na asiyefaulu? Mkuu akageukia dirishani. Atapangiwa kituo kingine, akasema. Huko mpakani kuna upungufu mkubwa wa walimu.

Darasa la kwanza ni langu! Nusu ya vijana wa Kibondo hii mimi ndiye niliyewashikisha penseli. Na nyumba tunayokaa ni ya shule – nikihamishwa mimi, tumehama wote. Mimi naweza kuhama. Mume wangu Nicodemus na mizinga yake ya nyuki atanung'unika, kisha atazoea. Ila mama mkwe je?

Bibi Esteri macho yalishamwishia. Kila asubuhi tunamtoa barazani, anakalia mkeka wake, na watoto wakienda shule wanapita hapo. Wanachuchumaa, wanapiga yale makofi yetu ya viganja vilivyokunjwa kidogo, taratibu, "Mwakeye, bibi." Naye anarudisha makofi, anaitikia, anataja jina. Anadai anamjua kila mtoto kwa viganja vyake. Akikosea, mtoto anakubali hilo hilo jina na kwenda zake. Hiyo ndiyo siku yake. Ukimwondolea hiyo, anabaki na kula na kulala tu.

Sijamwambia. Jioni maharage yaliiva vizuri na nimekula nikashiba, pamoja na yote.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwambia Nicodemus. Akacheka. Anasema Kiingereza ninacho cha kumwaga, kwani hata nikimgombeza huwa namalizia kwa Kiingereza. Kweli. Lakini kugombeza ni mambo ya sasa hivi. Huko Kasulu wanataka mambo ya jana.

Nimejiandikisha.

Jumamosi, 12 Julai

Mkuu amemwomba Madam Shadia anisikilize kabla. Shadia ni mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita, binti wa Tanga, mwaka wake wa pili hapa. Julai hii anavaa masweta mawili na bado meno yanagongana.

Nilimsimulia jana yangu. I washed, I cooked, I walked, I planted. Nilijiona niko vizuri kabisa. Yeye anachezea ncha ya mtandio. Mwisho akasema, "Mama, maneno unayo. Mpangilio unao. Ila vitenzi vya jana vyote unavimalizia na irabu."

Eti nasema woshedi, kukedi, wokedi. Yeye akasema wosht. Kukt. Wokt. Kama mtu aliyekatikiwa na simu.

Nikamwambia, mwanangu, ulimi wetu huku haupendi neno liishe bila irabu. Ni kama kutoka nje bila kanga. Alicheka mpaka akavua sweta moja.

Njiani nilikasirika, nisijidanganye. Binti wa umri wa Nickson wangu aliye chuoni Dodoma! Lakini alisema kwa adabu, na anaeleza kama mtu anayependa kazi yake. Jumatatu tunaanza.

Jumatatu, 14 Julai

Somo la kwanza: koo.

Kumbe ile -ed moja ina sauti tatu. Unaweka mkono kooni, unasema neno bila kiambishi. Koo likitulia mwishoni – wash, cook, laugh – unamalizia na t. Likitetemeka – clean, play, call – unamalizia na d. Na neno lililokwisha kuishia na t au d lenyewe – want, plant, wait – hapo tu ndipo unaruhusiwa "id" nzima. Nikapumua. Kwenye planted angalau nilikuwa jirani na ukweli.

Shadia anasema nisifikirie herufi, nifikirie koo. Basi nimeshika koo jikoni, nimeshika koo bombani, nimeshika koo nikimsubiri fundi cherehani amalize sketi yangu. Wash. Clean. Wash. Clean. Fundi aliniuliza kama nataka maji.

Jumanne, 15 Julai

Nimepona ugonjwa ambao sikuwa nao.

Nicodemus aliniona jana nimeshika koo jioni nzima. Asubuhi nikakuta kikombe cha asali na limao pembeni ya kitanda – asali mpya, ya msitu, ile anayowafichia wateja wake wa Kasulu. Nikanywa. Ningeeleza nini? Tatizo ni kwamba alimwambia na mama yake. Bibi Esteri akaagiza majani ya mkaratusi, maji yakachemshwa, nikafunikwa blanketi. Jasho hadi kwenye nyayo! Humo ndani ya mvuke nilifanya mazoezi. Played. Cleaned. Called. Koo linasikika vizuri sana chini ya blanketi.

Bibi akasema sauti imeanza kurudi.

Jumapili, 20 Julai

Leo nimecheka hadi mbavu zinauma. Niandike yote nisije nikasahau.

Baada ya misa Shadia alikuja na somo la pili: makofi. Kila silabi kofi moja. Washed – moja. Wanted – mawili. Nikijikuta nimepiga mawili kwenye washed, ujue nimechomeka irabu yangu. Njia nzuri sana. Nikaipenda papo hapo.

Ila Shadia hupiga makofi ya kwao, yale ya ngoma, pa! Viganja vyangu mimi vinajua namna moja tu. Tumekaa barazani, bibi yuko nyuma yetu anasinzia. Nikasema washed, nikapiga. Nyuma yangu: "Mwidiwe," salamu yetu ya mchana. Ameamka, anarudisha makofi. Mtu mzima akikuitikia huwezi kumwacha hewani. Nikageuka, nikachuchumaa, tukasalimiana.

Tukaanza tena. Wanted – mawili. Barabarani mzee wa mkaa akasimama, akaegesha baiskeli, akarudisha. Mwidiwe, mwidiwe. Nyumbani? Watoto? Maharage mmetoa shambani? Na salamu ya kwetu haikatwi katikati kama kipande cha sabuni, lazima iishe. Alipoondoka, wakatokea akina mama wawili wa bustanini. Planted – wakatua ndoo.

Shadia kakaa na karatasi yake mdomo wazi. Mchana mzima tumemaliza maneno manne.

Akaniuliza, kwani mama, makofi huku ni hodi? Nikamwambia makofi huku ni hodi, ni shikamoo, ni pole, ni habari za kwenu, ni vyote. Akajishika kichwa. Kumbe mwaka jana, siku ya wazazi, aliwapigia wanafunzi makofi kuwapongeza, na wazee wa mstari wa mbele wakamrudishia, akapiga tena kwa furaha, wakarudisha tena. Alidhani wamempenda. Akampigia simu mama yake Tanga kumweleza walivyompenda!

Nikamwambia walikuwa wanasubiri aseme mwidiwe.

Moyo wangu mweupe leo.

Jumatano, 23 Julai

Asked. Hilo neno lina uadui na watu. Askt. Midomo imechoka. Nimelala mapema.

Jumapili, 27 Julai

Bibi ameniuliza. Si kwa kuzunguka. "Unamsalimia nani humu ndani wakati hakuna mtu?"

Nimekaa miguuni pake nikamweleza kwa Kiha, kila kitu. Mkondo wa Kiingereza. Kasulu. Koo – kwamba sikuwa mgonjwa. (Alisema mkaratusi haujawahi kumdhuru mtu.) Na kwamba nikishindwa, tunahamia mpakani.

Kisha akasema, "Huko nani atanipitia asubuhi?"

Nilikwenda jikoni nikamenya vitunguu ambavyo havikuhitajika. Mpaka leo nilikuwa naona usaili huu ni suala langu mimi na ulimi wangu. Leo nimeogopa. Nimeogopa kweli. Mwanamke yule alinizalisha Nickson kwa mikono yake mwenyewe, mvua inanyesha, gari la hospitali limekwama. Na mimi nitamhamishia mahali ambapo hakuna kiganja kinachomjua, kwa sababu ya t?

Niliporudi alikuwa ameshaamua. Akasema niendelee na makofi yangu, asinisikie nikinong'ona kama mwizi. Anataka aelezwe ni maneno gani yana makofi mawili. Nikamtajia: wanted, waited, planted, needed, started. Akayarudia kwa namna yake. Mengine yote moja? Mengine haya yetu yote moja, mama. Basi, akasema. Ukipatia nitanyamaza. Ukikosea nitaitikia.

Tukajaribu. Cooked – kofi moja. Kimya. Laughed – moja. Kimya. Washed – mkono ukateleza, mawili.

"Mwidiwe," akasema bibi, bila hata tabasamu.

Jumanne, 29 Julai

Mara tisa ameitikia juzi. Jana nne. Leo mara moja tu, na hiyo ilikuwa ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Nicodemus anasema nyumba imekuwa kimya na hajui kama afurahi.

Ijumaa, 1 Agosti

Shadia anataka nichague kisa cha kusimulia. Alipendekeza safari ya ufukweni. Nikamwambia ufukwe nitausema vipi na sijaukanyaga, hata wa hapo Kigoma nimeuona nikiwa ndani ya gari. Usaili unataka jambo lililotokea. Basi nichukue lililonitokea.

Nimechagua siku niliyoletwa hapa kama bibi harusi. Tulitoka kwetu Munanila alfajiri, gari likaharibika, tukafika jua linazama, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama mkwe kakaa jikoni kwake. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, "Mwidiwe." Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Shangazi zangu wakaangaliana. Nikaendelea mpaka viganja vinawaka moto. Ndipo akaitikia, kwa sauti ndogo.

Miaka yote nimejua maana yake: alikuwa ananipima. Ndiyo sababu katika nyumba hii sijawahi kumkatiza akiongea.

Nilikisimulia kwa Kiingereza barazani. Vitenzi vyake vizuri ajabu – arrived, clapped, waited, looked, answered. Shadia akafuta machozi. Bibi akauliza binti analia nini. Nikamweleza kwa Kiha kisa ni kipi.

Bibi akaanza kucheka. Akacheka hadi akakohoa, nikampa maji. "Nilikuwa na kiazi mdomoni," akasema.

Walitusubiri tangu adhuhuri, wakakata tamaa. Njaa ikamzidi, akatoa kiazi kwenye majivu, akang'ata – na hapo hapo bibi harusi mlangoni. Kutema mbele ya wakwe ni aibu. Kumeza haiwezekani, kinaunguza. "Na wewe ukapiga makofi, ukapiga, hukunipa hata nafasi ya kupumua. Niliungua ulimi wiki nzima."

Miaka yote hii kumbe nimeogopa kiazi!

Nilitaka kununa nikashindwa. Tumecheka watatu, Shadia katikati anauliza kiazi kwa wingi wa Kiha ni nini. Kisa kimepata mwisho mpya. She swallowed. She answered. Yote mawili ni d.

Jumanne, 5 Agosti

Shadia leo mkali. Anasema kwenye usaili mikono ikae magotini. Makofi ni ya mazoezi tu. Mbele ya wale watu watatu nikianza kupiga makofi watadhani naimba, na humo ndani sheria ni Kiingereza peke yake, mwanzo hadi mwisho. Ukichomeka hata "samahani" wanakata alama.

Nikajaribu bila mikono. Washedi. Wokedi. Vyote vimerudi, kama mbuzi waliofunguliwa.

Nikaikalia mikono. Ikawa afadhali. Lakini mwalimu mzima aingie chumbani aikalie mikono yake?

Bibi naye ana la kwake. Amesema nikifika niwasalimu kwanza, kabla ya kingine chochote. Nikamwambia nitasema good afternoon. Akauliza, na mikono? Nikamwambia mikono hapana. Alitikisa kichwa kwa huruma. Sijui alimhurumia nani, mimi au wao.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mapumziko. Nicodemus kaenda kuuza asali kwenye maonesho, karudi na mitungi mitupu na kofia mpya isiyomkaa. Mimi nimefua, nimepika, nimetembea hadi kwa Shadia na kurudi. Washed, cooked, walked. Kichwani tu, mikono ina ndoo. Zote zimetoka safi.

Jioni tumekula kuku. Nimeridhika na maisha yangu. Niliandike hilo, maana likitokea huwa siliandiki.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimewafundisha darasa la kwanza wimbo wa kunawa mikono. I washed my hands. Niliwapa wosht, t kavu kabisa mwishoni. Nikangoja waongeze irabu. Hawakuongeza. Watoto wa hapa hapa, ulimi wa hapa hapa, wamesema wosht kama waliozaliwa nayo. Nikawaambia tena, wakasema tena.

Nilisimama pale na chaki. Furaha na wivu kidogo.

Walipotoka walipitia barazani kwangu kama kawaida. Mmoja akachuchumaa, akapiga makofi na kusema, "Mwidiwe bibi, I washed my hands." Bibi akaitikia akataja jina la kaka yake.

Hawa watoto siwaachi.

Jumatano, 13 Agosti

Kasulu. Nimefika mchana, njia siku hizi nzuri. Nimefikia kwa Bi Mwamvua, shangazi yake Shadia, mwenye duka la kanga na mashuka karibu na soko. Mama mnene, mcheshi, Kiswahili chake kinateremka tu. Amenipikia wali wa nazi. Nazi Kasulu! Anaagiza, anasema hawezi kuzeeka bila nazi.

Baada ya chakula nikarudia kisa changu chumbani, makofi madogo, ya mwisho mwisho. Akachungulia akauliza kama kuna shughuli, maana naye angependa kuchezacheza. Nikamweleza. Akasema lo, mwanangu, nipo hapa miaka, na wateja wa kijijini huingia wananipigia makofi, nami huwauliza mmeona nini cha kufurahisha.

Asubuhi ya leo wakati naondoka, bibi alinishika viganja vyangu vyote viwili. Akavipapasa muda mrefu.

Alhamisi, 14 Agosti – asubuhi

Zamu yangu ni saa saba. Nimekunywa chai, nimekula chapati moja badala ya mbili. Shule gani hii wanakotusaili, yenye maua mengi hivi. Wanaotoka usailini wanatoka bila kutazama mtu.

Mlangoni wamebandika karatasi: humu ni Kiingereza tu.

Alhamisi, 14 Agosti – mchana, nje ya chumba

Niko kwenye benchi. Wamenitoa. Hapana – wameniomba nisubiri nje. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nilianza vizuri. Good afternoon, mikono magotini. Katikati mwanaume wa makamo ndiye anayeuliza. Kulia binti mwenye kompyuta. Kushoto, pembeni kabisa, mzee wa koti zito, wakamtambulisha kwa Kiingereza kuwa ni Mr. Abdulrahmani, mkaguzi mstaafu. Aliandika tu. Hakuinua uso hata mara moja.

Nikasimulia. We started early. The car stopped. We arrived at sunset. Nilizisikia mwenyewe – id, t, d – zinatua zinapotakiwa. Binti akatikisa kichwa kukubali. I walked in. My mother-in-law was in the kitchen. I greeted her. I clapped.

Binti akaniuliza, clapped? Why? Was it a party?

Ningeweza kueleza. Maneno ninayo. Lakini mikono ilishatoka magotini. Nikamwonesha, hivi, viganja vilivyokunjwa, taratibu. Nikasema, she was silent. And I waited.

Nikanyamaza kidogo hapo, ni mahali pa kunyamaza. Chumba chote kimya. Kimya kama jikoni kule siku ile.

Kisha yule mzee akaweka kalamu chini. Akaleta viganja vyake pamoja, polepole, akarudisha makofi. "Mwidiwe," akasema.

Muha! Muha wa nyumbani kabisa, ndani ya koti lile!

Nilijua sheria. Karatasi niliiona. Nilijua pia nikijibu nini kinaweza kwenda – darasa, nyumba, baraza la bibi. Lakini mtu mzima kaniitikia na mikono yake iko hewani inasubiri. Mimi ni nani nimwache hivyo? Nilijikuta nimetoka kitini, nimechuchumaa. Mwidiwe, mzee. Akauliza nyumbani, nikajibu. Akauliza wazee, nikamwambia mama yupo, macho tu. Akasema pole, akapiga tena. Yote kwa Kiha. Binti anasema, madam, English please, madam. Mzee akamwonesha kiganja – ngoja – na tukamaliza mpaka mwisho wake, maana haikatwi katikati.

Ndipo wa katikati akasema nipishe kidogo waongee.

Nimepiga simu nyumbani. Nicodemus akamwekea bibi sikioni.

"Umewasalimu?"

"Nimewasalimu, mama."

"Wakaitikia?"

"Mmoja."

"Na wewe ukamjibu?"

"Nikamjibu."

Akasema basi, na nisichelewe kurudi, kuna kuku ametaga chini ya kitanda changu. Simu akairudisha kwa mwanawe.

Sijuti. Naogopa, lakini sijuti. Ningemwacha yule mzee na mikono yake hewani, ningerudi nyumbani nimshike bibi viganja kwa uso gani?

Dirisha liko wazi. Wanabishana. Binti anasema sheria ni sheria, kwa Kiingereza kizuri sana. Wa katikati anasema hadi hapo vitenzi vilikuwa sawa vyote. Mzee anasema jambo, simsikii vizuri, taratibu mno. Sasa kuna makofi. Ya mzee, nayajua. Na mengine, makavu, pa! – ya binti. Mzee anamwambia hapana, kunja kiganja. Tena. Pa. Hapana, mama, laini, kunja.

Viti vinasogezwa.

Mlango umefunguliwa. Ni binti. Anasema niingie, wanataka niendelee pale nilipoishia.

Niliishia kwenye waited. Linalofuata ni swallowed, halafu answered.

Nimeweka mkono kooni. Linatetemeka, na bado sijasema neno.